Huzuni Sugu, Daraja la Pili

Lugano aliingia chumba cha afya akiwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Nesi Atuganile alizoea wasichana wanaoingia pale wakilia, au wakijifanya hawajali kitu. Huyu wa kidato cha tatu, mrefu, mwenye sweta lililombana mabegani, aliamkia vizuri, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kuweka mikono magotini kama aliyekuja kwenye usaili.

"Umeitwa?" Atuganile akamuuliza.

"Sijaitwa, Nesi. Nimeona ujumbe asubuhi. Mwenza amenipa jina." Akagusa nyuma ya sikio la kulia, kilipokuwa kibandiko chake. "Huzuni Sugu, daraja la pili. Nimekuja kuomba uthibitishe leo leo. Wenzangu wanasema haichukui hata dakika."

Wenzake walisema kweli.

Kila mwanafunzi wa sekondari alivaa kibandiko. Kilikuwa na ukubwa wa ukucha na rangi ya ngozi ya mwenyewe, na baada ya wiki moja mtu alisahau kuwa anacho. Hakikusikiliza maneno, sheria ilikataza, lakini kilisoma mapigo ya moyo, saa za usingizi, kasi ya kusema, na sauti inavyopanda na kushuka. Kila mwezi taarifa zote, pamoja na za walimu, zilikwenda kwa Mwenza, mtambo uliokuwa Mbeya mjini, akazilinganisha na za watoto wengine milioni nne. Aliyevuka mstari alipewa jina la ugonjwa. Dawa ilikuwa tayari imo ndani ya kibandiko, kwenye mfuko mdogo kuliko punje ya mtama, ikisubiri kupita kwenye sindano nyembamba kuliko unywele.

Kilichosubiriwa kilikuwa kidole cha binadamu. Sheria ilitaka mtu asome kumbukumbu za mtoto na kukubali kabla dawa haijaachiwa, na katika Sekondari ya Wasichana Itulo, kwenye miteremko ya juu ya Tukuyu, mtu huyo alikuwa Atuganile. Alipewa siku saba kwa kila jina. Akibonyeza Kubali, dawa ilianza siku hiyo hiyo. Akinyamaza hadi siku ya saba iishe, Mwenza aliuhesabu ukimya wake kuwa ni kukubali. Akibonyeza Kataa, ilimbidi aandike sababu kwa maneno yake mwenyewe, na kwa mwaka mzima lolote litakalompata mtoto yule lingekuwa juu ya leseni yake. Katika miaka tisa alikuwa amekubali mara mia mbili na kumi na nne. Hakuwahi kukataa.

Hakuwa mvivu, wala hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na mdogo wake, Asajile, ambaye akiwa na miaka kumi na tisa aliacha kula kwa sababu watu waliokuwa juu ya bati, ambao hakuna mwingine aliyewaona, walikuwa wakimtilia sumu kwenye chakula. Dawa ndiyo iliyomrudisha mezani. Tangu hapo Atuganile hakuona kwa nini aicheleweshe kwa mtoto wa mtu mwingine.

Basi akafungua kishikwambi na kusoma. Usingizi, saa nne kwa usiku. Sauti imeshuka. Chakula, nusu sahani. Wakati wa mapumziko hukaa peke yake nyuma ya maktaba. Siku sabini na moja mfululizo, na kwa hesabu ya Mwenza huzuni inayozidi siku sitini ni ugonjwa. Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo.

Kilichomzuia ni ule uso. Alikuwa amewaona wasichana wakipokea jina kwa hofu, kwa aibu, kwa kuchoka. Hakuwahi kumwona aliyelipokea kama msamaha.

"Siku sabini na moja," akasema. "Ile siku ya kwanza kulitokea nini?"

Lugano akatazama dirishani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai, na kengele ya kipindi cha pili ikalia. "Mwenza hajauliza hivyo."

"Najua. Nauliza mimi."

"Ni ugonjwa, Nesi. Ugonjwa hauna siku ya kwanza."

Atuganile akaweka kishikwambi kando, akavuta kiti chake mbele ya meza. "Nitakuuliza swali moja, na sitakasirika kwa jibu lolote. Unafikiria kufa? Au kujidhuru?"

"Hapana." Msichana akafikiri, kisha akasema tena, polepole zaidi, "Hapana. Kufa sitaki. Nataka tu niache kujisikia hivi."

"Basi njoo kesho saa nne tunywe chai."

"Kwani umekataa?"

"Sijakataa. Nina siku saba. Sijawahi kuzitumia."

*

Siku ya pili Lugano alikuja, akanywa chai, akasema masomo yanaendelea vizuri, akaondoka. Siku ya tatu Atuganile alileta magimbi yaliyochemshwa nyumbani, yangali na joto ndani ya kitambaa. Walimenya pamoja bila kusema sana. Lugano alikula gimbi moja, kisha akachukua la pili, na Atuganile akajifanya hajaona. Msichana akaeleza jinsi mama yake, ambaye alikuwa mpimaji wa ardhi na alisafiri sana, anavyopika magimbi mpaka yanakuwa uji. Akacheka kidogo, kisha uso ukajifunga tena, kama mtu aliyekumbuka kuwa hana ruhusa ya kucheka.

Alipoondoka, Atuganile alifungua daftari la shule na kurudi nyuma hadi ile siku ya kwanza. Ilikuwa Jumatatu. Hakuna msiba ulioandikwa, hakuna adhabu. Jambo moja tu: Sekela Mwaijande, wa darasa lile lile la Lugano, ameondolewa shuleni na familia yake na kupelekwa kwa bibi yake Kyela.

Alimkumbuka Sekela vizuri. Ni nani asingemkumbuka? Alikuwa msichana mfupi aliyesema kama mvua ya Rungwe, asubuhi mpaka jioni, aliyekuwa na mpango wa kuchimba handaki kutoka Itulo hadi ziwani ili samaki wafike wabichi, na aliyeongoza timu ya mdahalo ya shule kwa mwaka mzima bila kushindwa. Mwenza alikuwa amempa jina Mfuriko wa Hisia, daraja la kwanza. Atuganile akafungua kumbukumbu. Thibitisho lilikuwa na jina lake, tarehe, na muda aliotumia kusoma.

Sekunde kumi na moja.

Alikaa na namba ile kwa muda mrefu. Siku ile kulikuwa na wagonjwa wa mafua wamejaa mlangoni. Aliona jina, akaona daraja la kwanza, akabonyeza.

Siku ya nne hakusubiri chai ipoe. "Lugano, Sekela alikuwa rafiki yako?"

Msichana aliweka kikombe chini. Akaibana mikono katikati ya magoti. Halafu akaanza kusema, na alisema bila kupumzika, akitazama sakafu.

Walikuwa marafiki tangu kidato cha kwanza. Walilala vitanda vya kukabiliana. Kisha mwalimu akachagua mmoja wa kwenda Dodoma kwenye mdahalo wa taifa, akamchagua Sekela, na Sekela hakunyamaza kuhusu Dodoma wiki nzima. Lugano ndiye aliyekuwa amemwandikia hoja zote. Kwenye vishikwambi vyao kulikuwa na fomu iitwayo Jali Mwenzako, ambayo mwanafunzi aliweza kuijaza bila kutaja jina lake, akiwa na wasiwasi juu ya mwenziwe. Lugano aliijaza. Anasema haraka kupita kawaida: ndiyo. Halali usiku: ndiyo. Ana mipango mikubwa isiyowezekana: ndiyo. Siku mbili baadaye akaijaza tena, na tena. Jumla mara tano. Kwa kuwa fomu hazikuwa na jina, Mwenza aliona watu watano wenye wasiwasi.

"Nilitaka wamwambie apunguze," akasema. "Nilifikiri watamwita, watamsema kidogo. Halafu akapewa dawa. Alinyamaza, Nesi. Alikaa kitandani akiangalia viatu vyake. Nikamwuliza, Sekela, samaki wa handaki wamefika wapi, akasema, samaki gani. Wiki mbili baadaye baba yake akaja kumchukua."

Atuganile alivuta droo ya meza. Alimpa leso.

"Kwa hiyo naomba unithibitishie," Lugano akaendelea. Sasa alikuwa akilia waziwazi. "Mwenza anasema ni Huzuni Sugu. Dawa inaiondoa ndani ya siku kumi. Nimesoma yote. Na kama ni ugonjwa, basi si mimi."

Hapo ndipo ugumu wote ulipokuwa, na Atuganile aliuona mzima mzima kama mtu anavyoona mlima ukungu ukiondoka. Mtoto anaumia, dawa ipo, na ingefanya kazi. Angelala. Angekula. Mstari wake ungerudi chini ya mstari wa wengine, na hakuna ambaye angeuliza tena juu ya ile Jumatatu.

"Huumwi, Lugano," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko alivyokusudia. "Umefanya jambo baya, na unajua, na linakuuma. Sioni ugonjwa hapo. Naona mtu mwenye moyo."

"Kwa hiyo unaninyima."

"Sijui bado. Nikikupa dawa utaacha kuumia, na Sekela atabaki alivyo. Nisipokupa, utaendelea kuumia, na mimi siwezi kukuahidi mwisho wake ni lini." Akasogeza kikombe kando. "Na kuna jambo jingine ambalo ni haki yako kulijua. Wewe ulijaza fomu. Aliyemfungulia Sekela dawa ni mimi, na nilimsoma kwa sekunde kumi na moja."

Lugano akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kwanza, alimtazama nesi machoni.

"Sasa tutafanyaje?" akauliza.

*

Jioni Asajile alikuwa uani akipiga msasa mguu wa stuli. Alikuwa seremala sasa, mwenye mke na mtoto mdogo, na kila Ijumaa alikuja kula kwa dada yake kwa sababu, alisema, mkewe hajui kupika ndizi zikawa na ladha ya kwao. Atuganile aliketi kwenye ngazi akamsimulia yote isipokuwa majina.

"Unataka niseme dawa ni mbaya?" Asajile akauliza.

"Sitaki useme chochote. Nataka unisikilize."

"Nimesikiliza, dada. Mimi bila dawa nisingekuwa hapa, na bado nameza kila asubuhi, na nitameza mpaka uzee." Akapuliza vumbi la mbao. "Lakini unamkumbuka yule daktari wa Mbeya? Alikaa nami wiki tatu kabla hajanipa jina. Alijua jina la mbwa wetu. Alikwenda mpaka kwa fundi niliyekuwa najifunza kwake, akamwuliza nilikuwaje zamani. Aliponiambia ninaumwa nini, nilimwamini, kwa sababu alikuwa ameshanijua."

Alirudi kwenye mguu wake wa stuli. Baada ya muda akasema, "Huyo mtoto wa sekunde kumi na moja. Kuna mtu alimwuliza kama kuna mbwa?"

Atuganile alifunika uso kwa mikono. Mdogo wake akaacha msasa, akaja kukaa naye kwenye ngazi, bega kwa bega, mpaka ndizi zikaungua.

*

Mama yake Lugano alitoa ruhusa kwa simu, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa ameambiwa kila kitu lakini alikuwa anaanza kuelewa. Jumamosi, siku ya tano, walishuka Kyela kwa pikipiki ya umeme ya Atuganile. Waliondoka Itulo na makoti mazito, meno yakigongana. Njia ilishuka na kushuka, chai ikaisha, migomba ikaongezeka, na nusu ya safari walisimama kuvua makoti. Walipofika bondeni kwenye mpunga, jua lilikuwa linachoma na Lugano alikuwa amemshika nesi kiunoni kwa mikono miwili kama mtoto mdogo.

"Ukitaka turudi, sema," Atuganile akamwambia alipozima pikipiki.

"Nataka turudi," Lugano akasema, akashuka, akaanza kutembea kuelekea nyumbani.

Bibi yake Sekela, Bibi Ikupa, alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka mrefu mbele ya nyumba. Mbegu zilikuwa zimetoka kuchachushwa na uwanja mzima ulinuka siki na utamu. Alimjua Atuganile kwa sare yake, akamkaribisha bila kutabasamu. Sekela aliketi kibarazani na ungo wa mchele. Alikuwa amenenepa usoni. Alichambua punje moja moja, kwa uangalifu, na alipoamkia aliamkia kwa sauti iliyokuwa sawa tangu mwanzo hadi mwisho, bila kupanda wala kushuka.

Lugano alisimama mbele yake juani. Hakuketi alipoambiwa aketi.

"Zile fomu nilijaza mimi," akasema. "Zote tano. Hakukuwa na watu watano. Nilikuwa na wivu kwa ajili ya Dodoma. Hukuwa unaumwa, Sekela. Nilidanganya."

Sekela aliendelea kuchambua mchele. Punje mbili, tatu. Kisha mikono ikasimama.

"Lakini niliamini," akasema. Alitafuta maneno kama anayeyatafuta gizani kwa kupapasa. "Waliponiambia, niliamini. Nilikaa hapa nikakumbuka vitu vyangu vyote. Ile siku nilipopanda juu ya meza kanisani nikahubiri, nikiwa na miaka sita, watu wakacheka mpaka wakalia. Nikasema, kumbe ule ulikuwa ugonjwa. Lile handaki. Nikasema, ugonjwa. Kila siku niliyofurahi sana, nilichukua nikaweka upande wa ugonjwa." Akamtazama Lugano. "Sikubaki na nyingi."

Lugano alipiga magoti kwenye vumbi. "Nisamehe."

"Sitaki kukuona leo," Sekela akasema, kwa sauti ile ile iliyonyooka, akachukua ungo wake akaingia ndani.

Atuganile alimgeukia Bibi Ikupa na kumweleza sehemu yake mwenyewe, hakujipunguzia hata moja: wagonjwa wa mafua, daraja la kwanza, sekunde kumi na moja. Alisema dawa ya Sekela haiwezi kukatwa ghafla, ni hatari, lakini inaweza kupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki tisa chini ya daktari, na kwamba ataomba mapitio Jumatatu, familia ikikubali. Alisema pia kwamba hawezi kuapa kuwa Sekela hatakuja kuumwa kweli siku moja. Alichojua ni kwamba hakuna aliyemwangalia.

Bibi alisikiliza akiwa ameegemea reki yake ya mbao. "Mjukuu wangu huyu," akasema, "tangu azaliwe sijawahi kusikiliza redio. Sikuwa na haja nayo. Miezi hii miwili nimenunua redio." Akamwangalia Lugano, aliyekuwa bado chini. "Wewe, inuka hapo. Huwezi kulia juu ya kakao yangu ikaloa. Shika reki."

Lugano akashika reki. Aligeuza kakao hadi saa tisa mchana, mgongo umelowa jasho, na hakuna aliyetoka ndani kumtazama. Walipoaga, Bibi alimpa Atuganile mkungu wa ndizi, na alipoambiwa ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, alijibu kwa kichwa tu.

*

Jumapili, siku ya sita, Atuganile aliandika. Kisanduku cha sababu kilikuwa kirefu, na alipobonyeza Kataa kilimwonya mara tatu juu ya leseni yake. Aliandika kwamba mwanafunzi Lugano ana huzuni yenye chanzo kinachojulikana, kwamba amelikabili kosa lake, kwamba analala kidogo na anakula kidogo na ataonana na nesi kila siku, na kwamba hali ikibadilika ataombewa daktari wa kumwona ana kwa ana. Kisha akaandika ombi la mapitio ya Sekela.

Simu kutoka kituo cha Mwenza ilikuja Jumatatu saa mbili. Alikuwa Bwana Kalinga, msimamizi wa kanda, ambaye walikuwa wakitumiana salamu za sikukuu kwa miaka.

"Nesi Atu, umeelewa ulichokitia sahihi?"

"Nimeelewa."

"Kabla ya Mwenza nilikuwa mwalimu," Kalinga akasema. Hakuwa na hasira. "Nilizika wanafunzi watatu. Mmoja alikuwa akikaa dawati la mbele. Sikuona kitu. Sasa naona. Mwaka jana katika kanda nzima hatujazika hata mmoja. Unataka nirudi kule?"

Atuganile alishika simu kwa mikono miwili. Alimfikiria Asajile juu ya ngazi. "Sitaki urudi kule, Bwana Kalinga. Uendelee kuona. Mimi naomba tu kwamba Mwenza akisha kuona, mtu aende akakae na mtoto. Zile siku saba zilikuwa kwa ajili hiyo. Mimi ndiye niliyezitupa."

Kalinga akageuza swali. "Una wangapi wenye majina hapo Itulo sasa hivi?"

"Thelathini na sita."

"Na utakaa na wote?"

"Nimeshaanza. Jana nimekaa na wawili. Mmoja nimemwambia aendelee na dawa, anaihitaji, na sasa anajua kwa nini. Mwingine sijui bado."

Kalinga akakohoa. Alisema jina la Atuganile litawekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja, kama sheria inavyotaka, na kwamba hawezi kulizuia hilo. Kisha akasema mapitio ya Sekela yamekubaliwa, na kwamba angependa kupata nakala ya maelezo, kwa matumizi yake mwenyewe.

*

Lugano alishuka Kyela kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza Atuganile alimpeleka. Zilizofuata alikwenda na mama yake, aliyekuwa amekatisha safari zake na kujua yote sasa, na aliyelia njia nzima ya kwanza na kumshika mwanawe mkono njia nzima ya pili. Msichana alifika, akaamkia, akashika reki. Sekela hakutoka. Jumamosi ya tatu alitoka akapita kwenda kisimani na kurudi, bila neno. Usingizi wa Lugano ulifika saa tano, ukarudi nne, ukapanda hadi sita. Alilia bado, lakini sasa alikuja kulia kwenye chumba cha afya, akiwa na gimbi mkononi.

Dawa ya Sekela ilipungua tone kwa tone. Daktari kutoka Mbeya alikuja mara mbili, mwanamke mchanga mwenye haraka, na mara ya pili haraka ilikuwa imepungua.

Wiki ya saba Atuganile alishuka nao. Alikuwa ameketi kibarazani na kishikwambi chake, akiandika maelezo ya msichana wa ishirini na tisa kati ya wale thelathini na sita, aliposikia mtu akisema, "Siyo hivyo."

Sekela alikuwa amesimama mlangoni. Lugano akasimamisha reki.

"Unazivuta," Sekela akasema. "Unatakiwa kuzigeuza. Zile za chini zije juu. Wiki saba umekuwa ukizivuta tu upande huu na upande ule, nakuona dirishani, nakufa kwa uchungu. Bibi, umemwacha tu?" Akashuka barazani. Akachukua reki. "Angalia. Hivi. Halafu mkeka wenyewe umewekwa vibaya, jua la saa kumi linakuja kutoka kule, nimeshamwambia Bibi, tungekuwa na mkeka wenye magurudumu tungeusukuma tu kufuata jua. Magurudumu ya baiskeli. Manne. Au kamba, unavuta ukiwa umekaa. Umeshika kamba? Bado sijakusamehe, usidhani. Shika huku."

Lugano akashika huku. Sekela alikuwa amekwisha fika kwenye kamba, na kapi ya kupitishia kamba, na jinsi kakao ya Kyela nzima ingeweza kukauka kwa siku tatu badala ya saba, na sauti yake ilikuwa inapanda, inashuka, inakatika, inapanda tena, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa umefungwa plasta.

Kishikwambi kikatetemeka juu ya paja la Atuganile. Mwenza alikuwa ameona; mtoto aliye kwenye mapitio alimsoma kila dakika. Mwaijande, Sekela: kasi ya kusema imepanda kwa asilimia arobaini ndani ya dakika kumi. Inapendekezwa kurudisha kiwango cha awali cha dawa. Kubali, au Kataa na ueleze.

Alimtazama Sekela kwa makini, muda mrefu, kama alivyokuwa akijifunza kutazama. Alitazama macho yake, mikono yake, jinsi alivyosimama kumsubiri Lugano aelewe kabla ya kuendelea. Kisha akabonyeza Kataa, na kwenye kisanduku akaandika: *Anaongea na mwenzake. Nipo hapa, ninamsikiliza.*

Bibi Ikupa alikuwa amekaa chini kwenye kona ya mkeka, kazi imemshinda, tabasamu limejaa usoni. "Wanasemaje huko Mbeya?" akauliza bila kugeuka.

"Wanasema anaongea sana."

"Wamesikia vizuri," Bibi akasema, akasogea kidogo ili Atuganile apate pa kukaa.